Kodi ya mapato ni wizi? Jibu kwa mwalimu wa Tandahimba

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tandahimba. Mshahara wangu ni shilingi 980,000 lakini mkononi napata 643,850. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha Uraia, mwanafunzi mmoja akaniuliza: mtu akichukua hela yako bila ruhusa yako si mwizi? Sasa serikali je? Nikamjibu kwamba kodi ni wajibu wa raia, nikaendelea na somo, ila jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Kaka yangu ana ekari kumi na mbili za mikorosho na hakatwi kitu, na ndiye anayenitumia video za watu wanaosema kodi ya mapato ni wizi mtupu. Ni wizi au si wizi? Naomba usinijibu kama afisa wa kodi."

Marahaba, mwalimu. Sijawahi kuwa afisa wa kodi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa upande wa pili wa meza: nawaandalia hesabu wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi, na wakikadiriwa kodi isiyowastahili nawaandikia pingamizi. Hasira ya mtu aliyekatwa naijua, huwa inaingia ofisini kwangu kabla ya mwenyewe hajasalimia.

Kwa maoni yangu si wizi. Lakini mwanafunzi wako kauliza jambo zito, na kumwambia kwamba kodi ni wajibu wa raia hakumtoshi, maana hata Mjerumani aliwaambia babu zetu hapa Kusini kwamba kodi ni wajibu wao. Ukitaka kumjibu sawasawa itabidi umwoneshe ni wakati gani kodi huwa unyang'anyi kweli na ni wakati gani huacha kuwa hivyo. Sisi wa huku hatuna haja ya kuazima mifano ya mbali, yote miwili imepita kwenye ardhi yetu.

Kabla ya hapo, tuiweke sawa salari slipu yako, kwa sababu umeandika kana kwamba theluthi ya mshahara imechukuliwa na kodi. Mfuko wa hifadhi ya jamii umechukua asilimia 5, yaani 49,000. Hiyo ni hela yako ya uzeeni, na mwajiri anaongeza juu yake. Bima ya afya asilimia 3, yaani 29,400. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 147,000. Kodi yenyewe ni 110,750. Inapatikana hivi: mshahara ukishatolewa 49,000 za mfuko unabaki 931,000. Shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, yaani 48,000. Zilizobaki, 171,000, zinatozwa asilimia 25, yaani 42,750. Kwa hiyo katika kila mia ya mshahara wako kodi ya mapato imechukua kama kumi na moja. Deni la mkopo wa chuo linakula zaidi ya kodi, na mkopo huo ulitoka kwenye kodi za watu waliokutangulia kazini.

Sisemi 110,750 ni hela ndogo. Tandahimba hiyo ni kodi ya chumba na mchele na mafuta ya kupikia. Nasema tu kwamba tukiulizana kama kitu ni wizi, tujue kwanza ni kitu kipi.

Sasa hizo video. Hoja hizo zina babu zake, na babu zake wako Marekani. Karne ya 19 kulikuwa na mwanasheria wa huko aitwaye Lysander Spooner, mtu aliyepinga utumwa kwa nguvu zake zote. Yeye alisema serikali inayotoza kodi ni kama jambazi wa njiani, tena jambazi ana nafuu: akishakupora anaondoka zake, hadai kwamba anakulinda wala harudi kesho kukuamrisha. Baadaye, mwaka 1974, mwanafalsafa Robert Nozick akaipeleka hoja mbele zaidi. Kwake kutoza kodi jasho la mtu ni sawa na kumfanyisha kazi ya lazima: zile saa ulizofanya kazi ili kodi itoke, ulimfanyia mwingine bila kutaka. Kwako wewe ni kama siku mbili na nusu kila mwezi. Kuna pia Wamarekani wanaosema kodi yao haikupitishwa kihalali, na hoja hiyo imechanganywa humo humo kwenye video. Chanzo chake ni kwamba Mahakama Kuu yao iliwahi kuitengua kodi ya mapato mwaka 1895, ikabidi katiba ibadilishwe mwaka 1913 ndipo irudi. Mahakama zao zimekwishawakatalia wanaobishia mabadiliko hayo. Ugomvi huo hautuhusu. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 138, inasema kodi yoyote lazima itokane na sheria iliyotungwa na Bunge, na kodi ya mapato ina sheria yake ya mwaka 2004.

Ila hoja za Spooner na Nozick zinatuhusu, na hazijibiwi kwa kuzicheka.

Spooner anategemea mambo mawili, nguvu na kukosekana kwa ridhaa. Tuchukue nguvu. Mtu anaposema "inachukuliwa kwa nguvu, kwa hiyo ni wizi," ameruka hatua. Mwizi wa kuku hatumii nguvu yoyote, anatumia giza na ukimya, na bado ni mwizi. Upande wa pili, mahakama ikiamuru baba akatwe mshahara kwa ajili ya matunzo ya mtoto aliyemtelekeza, hapo kuna nguvu tupu, na hakuna mtu Mtwara nzima atakayesema yule mtoto kaiba. Kinachofanya wizi uwe wizi ni kuchukua pasipo haki. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wako likivuliwa nguo za juu linabaki hivi: serikali ina haki gani kwenye hela ile?

Na ridhaa? Wapo watetezi wa kodi wanaojibu kwamba kwa kuwa unakaa nchini, umekubali. Hoja hiyo mimi siitumii, na nakuomba usiitumie darasani. Mwalimu wa Tandahimba aende wapi? Avuke Daraja la Umoja aingie Msumbiji? Huko nako kuna kodi ya mapato. Mtu asiye na pa kwenda hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali kwa kubaki. Ukweli ni kwamba wewe binafsi hukuulizwa, nami sikuulizwa. Kama ridhaa ya mtu mmoja mmoja ndiyo kipimo pekee, Spooner kashinda.

Lakini ridhaa siyo kipimo pekee, na hapa ndipo nataka twende Kilwa.

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka. Mwaka 1905 wakaigeuza iwe ya kichwa, kila mwanaume mtu mzima. Rupia hizo hazikuwa zikiokotwa shambani. Mtu wa Umatumbi, kule vilimani Kilwa, alikuwa na mtama wake, mpunga wake, nyuki wake, na hakuwa na sababu ya kumtafuta mzungu. Kodi ya fedha taslimu ndiyo ilimpa sababu. Hilo halikuwa bahati mbaya: watawala walitaka watu watoke vijijini waende kwenye mashamba ya pamba na mkonge. Asiyelipa alifanyishwa kazi. Aliyebisha alionja hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Waliokusanya ni maakida na majumbe waliowekwa na mkoloni, na mtu aliyedhulumiwa na akida alishtakia kwa nani? Julai 1905 watu wa Nandete, huko huko Umatumbi, wakang'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Pamba ya lazima ndiyo iliyowasha moto, na kodi ilikuwa kuni chini yake. Majibu ya Wajerumani yalikuwa kuchoma vyakula mashambani na maghalani. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa.

Ile ndiyo kodi ya kuitwa unyang'anyi, na sioni haya kuiita hivyo. Tatizo lake halikuwa nguvu peke yake. Anayetozwa hakuwa na sauti popote ilipoamuliwa. Hakuwa na sheria ya kumshika mtozaji. Hakuna aliyemwambia fedha imekwenda wapi. Na kodi yenyewe haikuuliza kama ana kitu, ilidai tu, ili akihangaika aingie kazini kwa bwana.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la mwisho, kwa sababu ndilo linalomjibu Nozick na sijaona wengi wakilisema. Anadai kodi ya mapato ni kazi ya lazima. Sisi kazi ya lazima tuliiona, na iliyoileta ilikuwa kodi ya kichwa. Kodi ya kichwa inakufuata hata ukiwa umelala, hata mvua isiponyesha, hata ukiwa huna senti. Ili uilipe lazima ukafanye kazi, tena kazi ya fedha. Kodi ya mapato inakwenda kinyume chake. Inaanza kwa kukuuliza umepata nini. Hukupata, hudaiwi. Umepata chini ya 270,000 kwa mwezi, hudaiwi. Ukiacha kazi kesho ukarudi kulima muhogo wa kula, haikufuati Tandahimba wala Newala. Inagusa sehemu ya kilichokwisha kuingia. Unaweza kuichukia, una haki, lakini haiwezi kuitwa kazi ya lazima na mtu anayejua ile ya kweli ilikuwaje.

Na usidhani kodi ya kichwa iliondoka na mkoloni. Iliendelea kwa majina mengine, ikasimama, ikarudi, kodi ya maendeleo ikiwa ya mwisho, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Mimi nilikuwa mtu mzima. Nakumbuka mgambo wakija alfajiri, na baba yangu mdogo, mtu mwenye heshima zake na wajukuu, akitoka kwa mlango wa uani kwenda kujificha kwenye mikorosho kwa sababu mwaka ule bei ilikuwa mbaya na hela ya stakabadhi hakuwa nayo. Alirudi jua likiwa juu, umande umemlowesha, hakutaka kututazama. Mwenye duka la jumla pale pale kijijini alidaiwa kiasi kile kile, akalipa kwa chenji ya mezani. Tangu siku hiyo, kodi inayomuuliza mtu kwanza amepata nini naiona ya heshima zaidi kuliko zote, pamoja na kasoro zake. Hata VAT ya asilimia 18 kwenye sabuni na vocha haikuulizi, inamtoza mama lishe sawasawa na mkurugenzi.

Tukirudi kwenye swali la haki: je, ile 980,000 ilikuwa yako yote kwanza, ndipo serikali ikaja kuimega? Wengi tunafikiri hivyo. Lakini hebu fikiria mshahara huo au bei ya korosho inavyotokea. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam masika ilikuwa ni kusubiri kivuko pale Ndundu, gari limezama tope, abiria wanalala njiani. Bei ya kila kitu huku ilikuwa na lile tope ndani yake. Mei 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga tukakumbushwa tena, malori yamepanga foleni, na duka la jirani linapandisha bei siku ile ile. Mzani unaoaminika, mkataba unaoweza kuupeleka mahakamani, barabara inayopitika, mnunuzi asiyeogopa kuporwa: hivi viko ndani ya kipato chako kabla hujakigusa, na kuna mtu aliyevilipia. Mshahara wako wewe, mwalimu, unatoka Hazina moja kwa moja, lakini hata wa fundi wa kiwandani uko hivyo hivyo. Kipato kina jasho la mwenyewe na kina vya wote ndani yake.

Hoja hii ina hatari, na wengi wanaoipenda hawaisemi hatari yake. Ukiivuta sana unafika mahali pa kusema kwamba hakuna kilicho cha mtu, yote ni ya serikali na sisi tunaachiwa tu. Hapo mimi sifiki. Ibara ya 24 ya Katiba inamlinda mtu na mali yake, na jasho ni la aliyelitoa. Ninachosema ni kwamba sehemu fulani ya kipato ina madai ya wote juu yake, na mzigo wa kuthibitisha sehemu hiyo ni kiasi gani na inatumikaje uko kwa anayechukua, siyo kwa anayechukuliwa. Anayeuliza "hela yangu imekwenda wapi" hana la kuombea radhi.

Kaka yako akiingiza dini, maana najua video hizo wakati mwingine huingiza aya, mwambie wanazuoni wakubwa waliliangalia hili zamani. Zaka ina kiwango chake na mahali pake. Lakini al-Ghazali, na baadaye al-Shatibi, waliruhusu mtawala kutoza zaidi pale hazina inapokuwa tupu na haja ni ya kweli, kwa masharti: itoke kwa wenye uwezo, ikidhi haja tu, isivuke. Walichokikataza ni ushuru wa dhuluma. Walitofautisha, nasi tutofautishe.

Sasa nimfikie kaka yako mwenyewe. Umesema hakatwi kitu. Kaka yako anakatwa, ila hakatiwi risiti. Korosho ghafi ikisafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Msafirishaji ndiye anayeandika hundi, lakini bei ya dunia haipangwi Mtwara, kwa hiyo anapokuja mnadani ameshaipunguza kwenye bei anayotoa. Sehemu kubwa ya mzigo inamwangukia mwenye shamba. Chukulia kaka yako anavuna tani mbili. Hizo ni dola 320 kwa uchache, zaidi ya laki saba za Kitanzania kwa msimu. Wewe kwa mwaka unalipa kodi ya mapato 1,329,000. Pengo lipo, lakini siyo pengo la mtu anayelipa na mtu asiyelipa. Na wewe una karatasi inayoonesha ulichokatwa, yeye hana. Akiwauzia kangomba, wale wanunuzi wa pembeni wasio rasmi, kwa kukwepa makato ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ndiyo anaumia zaidi, maana wa kangomba naye anazihesabu gharama zote hizo kabla hajamtajia bei, kisha anaongeza za kwake.

Kama kuna kodi iliyowahi kunifanya nilikaribie neno dhuluma katika miaka yangu ya kazi, ni hiyo ya korosho, siyo ya mapato. Ushuru ule ulikuwa na ahadi: asilimia 65 irudi kuendeleza zao, dawa ya salfa, miche, utafiti. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa ili zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama wakapinga, wakashindwa kwa kura. Kisheria ilikuwa halali kabisa, Bunge lilipitisha. Lakini mkulima aliyekatwa kwa sababu moja akaona sababu hiyo imeondolewa na makato yamebaki, ana haki ya kusema ameonewa. Miaka iliyofuata salfa ya ruzuku imekuwa ikigawiwa, na kelele zile hazikupotea bure. Nalitaja hili ili uone kwamba kusema kodi si wizi siyo kusema kila kodi ni ya haki. Kitu kinaweza kuwa halali na bado kikawa cha uonevu.

Kuna na neno la tatu, ubadhirifu, ambalo watu hulichanganya na wizi. Kwenye hili kuna hadithi ya huku huku kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake. Kwa ajili hiyo ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota kama walivyotarajia. Januari 1951 wakautangaza mradi kuwa umekwisha, takriban pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Hizo zilikuwa kodi za watu wa Uingereza, wafanyakazi wa viwandani na walimu kama wewe. Reli yetu ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na ndiyo inayopitisha korosho za kaka yako. Je, yule mwalimu wa Uingereza aliibiwa? Hela yake ilipotezwa kwa ujinga wa waliopanga bila kupima udongo na mvua. Lakini waziri alihojiwa bungeni hadharani, hasara ikatajwa kwa tarakimu, wapiga kura wakajua. Mmatumbi wa 1905 hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Ndiyo maana neno wizi linawaka haraka sana hapa kwetu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliposema gesi haitoki, wakipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, wengi walioitazama kwa mbali walidhani ni ubinafsi wa mkoa. Niliishi humo, niliona mji umefungwa na watu wamepoteza maisha, na sitaki kurudia siku zile. Lakini swali lililokuwa mitaani halikuwa "kwa nini tuchangie taifa." Lilikuwa "kinachotoka hapa kinarudi na nini?" Swali hilo la pili ndilo raia anapaswa kuliuliza kuhusu kodi yoyote, na anayeliuliza anaitengeneza nchi yake.

Na huwa linajibiwa, japo kwa kuchelewa. Julai 2021 ziliwekwa tozo za miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Watu walilalamika kila kona, na miezi miwili baadaye zikapunguzwa kwa asilimia 30, zikapunguzwa tena, hatimaye ile ya kutuma na kupokea ikaondolewa. Uwakilishi wetu una matundu, nami siyafichi. Wabunge wengi hupitisha Muswada wa Fedha kila Juni bila mpiga kura wao kujua kilichomo. Lakini kodi iliyoweza kushushwa kwa sauti za waliotozwa si kitu kimoja na rupia za Mjerumani.

Upande ambao nakuunga mkono bila kusita ni wa mshahara. Ninyi mnakatwa kabla hela haijawagusa, mpaka shilingi ya mwisho. Mteja wangu wa duka anaweza kukadiriwa, akabishana, akakata risiti za nusu ya mauzo. Mwalimu hana pa kujificha. Tena mipaka ya viwango haipandi yenyewe bei za vitu zinapopanda, kwa hiyo nyongeza ya mshahara inayofidia tu bei ya unga inaweza kukusogeza kwenye asilimia ya juu. Wala sheria haiulizi unalisha watu wangapi. Mwalimu anayesomesha wadogo zake wanne anatozwa sawa na kijana asiye na mtegemezi. Hayo ni makosa ya kweli na yanastahili kupigiwa kelele. Mwalimu Nyerere, kwenye Mei Mosi ya 1995 pale Mbeya, alieleza kwamba serikali ya wala rushwa haikusanyi kodi kwa wakubwa, inabaki kuwakimbiza wadogo. Kila ninapoona mwenye maghala matatu analipa chini ya mwalimu mmoja, nalikumbuka hilo.

Darasani, kama ningekuwa wewe, nisingetoa hotuba. Ningewapa salari slipu yako bila jina, wapige hesabu kama tulivyopiga hapo juu. Kisha ningewaeleza ya Nandete, niwaulize kati ya mtu yule na mwalimu huyu, nani aliporwa na kwa nini. Waambie pia kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yupo kwa Ibara ya 143, ripoti yake hufika bungeni kila mwaka, na ina sehemu ya serikali za mitaa inayotaja halmashauri moja moja. Watafute ya kwao. Yule aliyekuuliza mpe kazi ya kuisoma mbele ya wenzake, nadhani ataifurahia.

Na wewe mwenyewe, kabla hujamjibu kaka yako, angalia kitu kimoja kwenye slipu. Kodi inatakiwa ipigwe baada ya mchango wa mfuko kutolewa, yaani kwenye 931,000. Ukikuta imepigwa kwenye 980,000, utaona 123,000 badala ya 110,750. Hizo 12,250 za juu hazina sheria nyuma yake, na kwa mwaka ni 147,000. Nimekutana na makosa ya namna hiyo mara nyingi kwa waajiri wadogo. Kwa mshahara wako wa serikali sitarajii, lakini angalia. Ukiyakuta, mwandikie mwajiri barua, ambatanisha slipu za miezi yote, gonga muhuri nakala yako ya mapokezi. Yule mwenye duka anayekadiriwa kodi ana siku 30 za kuweka pingamizi tangu apokee makadirio, na sheria inamtaka alipe kwanza kiasi asichobishia au theluthi ya makadirio, ile iliyo kubwa, labda aombe apunguziwe akubaliwe. Mwambie kaka yako na hilo, kama ana mpango wa kufungua duka la pembejeo.